Sharti la Meza ya Mlangoni

Jamani, kuna mwanamke aliyenyimwa meza ya mlangoni sokoni na kompyuta. Vidole vilivyobonyeza ni vyangu.

Uchochoro wetu wa viungo, hapa Kariakoo, ulikuwa umesakafiwa upya. Meza kumi na mbili, wauzaji kumi na wawili, Mama yangu mmoja wao, kila mtu na sharti lake. Huyu hataki jua. Yule hataki kukaa na jirani yake, walishagombania mteja wa mdalasini.

Mwenyekiti wetu, Mudi, akaniita. "Binti Shamsa, si umesomea kompyuta? Tupangie fasta, kabla hawa hawajatoana macho."

Chuoni tulifundishwa programu moja. Unaiandikia masharti, yenyewe inatafuta kila mpangilio unaoyatimiza yote. Raha yake, unaongea nayo: unaondoa sharti moja, unauliza, unalirudisha, unauliza tena.

Nikaandika yote. Nikauliza.

Hakuna jibu.

Nikaondoa sharti la Bi Sitara. Yeye alitaka meza ya kwanza, ya mlangoni, maana anatembelea mkongojo. Nikauliza tena.

Majibu tisa!

Sikujaribu kuondoa jingine. Mimi, ambaye hata salamu naitikia kwa kunong'ona, nikasimama kikaoni kama mtaalamu. "Linalokwamisha ni sharti la Bi Sitara."

"Duh! Mashine imeshasema," Mudi akacheka. "Bi mkubwa, utabishana na umeme?"

Bi Sitara alinitazama. "Sawa, mwanangu. Mashine haina chuki na mtu."

Akapewa meza ya mwisho, ndani kabisa.

Siku ya nne meza ikawa tupu. Nikasikia anauza karafuu Buguruni, chini, juu ya kiroba.

Jumapili tunachambua mchele nyumbani, Magomeni, Mama akaniuliza, "Hivi mlangoni mimi uliniweka ya nini?"

"Si haki yako, Mama? Miaka ishirini uko pale."

"Nani alikutuma? Mimi ndiye niliyemwambia Sitara aombe hapo. Kwa mguu ule, ndani atafikaje?"

Mchele ukanimwagika.

Sharti la kwanza kabisa nililoandika lilikuwa la Mama, akae mlangoni. Hakuniomba. Nililiandika kwa mapenzi tu, kisha nikalisahau, kama mtu asivyoiona pua yake.

Nikafungua kompyuta. Nikamrudisha Bi Sitara, nikaondoa la Mama.

Majibu kumi na manne.

Nikaenda Buguruni.

"Shikamoo, Bi Sitara."

"Marahaba."

Nikamweleza huku nalia. Aliendelea kufunga karafuu zake.

"Usinililie mimi," akasema. "Ulisema kikaoni. Kafute kikaoni."

Nikasimama tena mbele ya watu walewale. "Lililokwamisha lilikuwa sharti langu. Mashine haikusema. Nilisema mimi."

Safari hii Mudi hakucheka.

Bi Sitara amerudi sokoni, meza ya mlangoni ni yake, Mama yuko ndani kivulini. Kila asubuhi nikipita pale nasalimia huku naangalia sakafu.

Ndugu zangu, mambo yakikwama, kabla hujaondoa la mwenzako, jaribu kwanza kuondoa lako.