Mahali Wamama Walizunguka

Ndugu yangu, wewe ninakuamini, njo maana sitakuficha kitu. Wakati wa Wabeleji, bwana yangu, baba ya watoto wangu, alitoka kwetu Kasongo kwenda kazi ya zahabu, upande wa Kabambare. Kisha miezi mingi kupita, kapita mumoja, musimamizi wa kazi, akafika kwetu na neno fupi: "Bwana yako alikimbia. Ni mutoro." Toka siku ile watoto wangu wakaitwa watoto wa mutoro. Na misa ya wafu sikuweza kumuombea, juu mutoro hajakufa.

Mangaribi, tukitoka shamba, sisi wamama tulikuwa tunasoma kwa misioni. Siku moja padri akatufundisha mambo ya nyota. Akachukua kombeo, ile ya kufukuza ndege katika mupunga, akazungusha jiwe.

"Kamba ikiwa zaifu, jiwe linatoka."

Akasema nyota ziko makundi makubwa sana, na kila kundi linazunguka. Wenye akili kule Ulaya walipima: zile za pembeni zinaenda mbio kupita kiasi. Uzito wa nyota tunazoona hautoshi kuzishika. Zingekuwa zimetawanyika zamani.

"Sasa nini inazishika?" mama mumoja akauliza, jirani yangu.

"Kuna kitu kizito, hakionekani. Bado hawajui ni nini."

"Na nani alienda kukigusa?"

"Hakuna mutu. Wanaangalia tu namna zenye kuonekana zinatembea."

Yule mama akanigusa bega. "Basi ni kama bwana yako. Haonekani, lakini iko."

Wote wakacheka. Mimi nilishika lile neno la padri.

Nikaenda kule kwa kazi ya zahabu kwa miguu, siku nne, mutoto mugongoni. Nikakaa kando ya kambi, nikaangalia. Kulikuwa uwanja, udongo sawasawa, bila shimo, bila alama. Njia ya kwenda mutoni ilikuwa ipite katikati yake. Lakini wamama wenye mitungi wakifika pale walipinda, wakazunguka mbali, kisha wakarudi katika njia. Wanaume pia. Hata mbuzi walifukuzwa pale.

Nikafuata mama mumoja. "Dada, pale kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mbona munazunguka?"

Akaangalia nyuma. "Mama, rudi kwako."

"Walikuwa wangapi?"

Akafungua vidole vyote vya mukono mumoja, akaenda zake.

Nilipiga magoti pale pembeni. Sikumaliza Baba Yetu, kapita wa kambi akanifukuza.

Nikarudi misioni, nikaomba misa ya wafu. Padri akaniuliza, "Uliona maiti?"

"Hapana, Padri. Niliona namna watu wanatembea."

Akasema misa atasoma, lakini jina hatatamka, juu wakubwa wa ile kazi, wenye nyumba zao hapa Kasongo, wanakaa benchi ya mbele. Alipofika mahali pa majina ya wafu, akapita. Mimi nikasimama, nikalitamka. Benchi ya mbele ikageuka yote. Sikukaa chini.

Katika kitabu chao cha kazi, yeye ni mutoro hata leo. Kwa hiyo wewe unayesoma, ukikutana na mutu wa kule, umwambie: yule bwana hakukimbia. Na yeye amwambie mwingine.