Wiki Mbili za Wenye Bunduki

Mimi sauti ya nguo naijua. Shuleni niliishia darasa la nne, Tanga, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Lakini nipe jinzi nimefumba macho, niisugue karibu na sikio, nitakwambia uzito wake, nitakwambia imefuliwa vipi, na kama itapasuka magotini kabla mwaka haujaisha. Nimezeekea Guangzhou, Uchina, nikinunua nguo za kuuza nyumbani. Wenzangu wananunua kwa macho, mzigo ukifika Dar wanalia.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliponitumia ujumbe wa sauti kutoka Marekani, "Bibi, nishonee nguo isiyolia," sikumwona mwendawazimu. Nilimuuliza tu, isiyolia masikioni mwa nani?

"Mwa kulungu," akasema.

Huyu mjukuu nimemlea mimi. Leo ni nesi, nesi hasa, wa chumba cha upasuaji, katika mji mdogo uliozungukwa na misitu. Duka la nyama ya halali liko mwendo wa saa tatu kwa gari, na theluji ikianguka hata hizo saa tatu ni za kumwomba Mungu. Jirani yake, mama wa makamo wa kule kule, akamfundisha kutumia upinde. Mjukuu akamuuliza shekhe, akaambiwa mshale ukiachiwa kwa Bismillahi nyama ni halali. Basi anapanda mtini, anakaa kwenye kiti alichokifunga kwa mikanda, kimya, saa nzima, saa mbili, kulungu akipita chini anavuta upinde. Anachuna mwenyewe, anakata mwenyewe, friza inajaa mpaka mwaka wa pili. Nina marafiki hapa wanaojisifia wajukuu wanaopiga piano. Mimi huwaacha wamalize kwanza.

Shida yake ilikuwa nguo. Za dukani kwao zimekatwa kwa vifua vya wanaume, na mkono ukivuta upinde kitambaa kinachakarika. Kulungu ana masikio yanayogeuka huku na huku kila moja peke yake. Akisikia chwaa moja tu, keshaondoka.

Nikaenda Xintang, pembeni mwa mji, kwenye kiwanda ninakoshonesha jinzi zangu. Mwenyewe ni mwanamke wa umri wangu, kila mtu humwita laobanniang, mama bosi, na mimi namwita hivyo hivyo. Tunaelewana kwa Kichina changu cha sokoni, kwa vidole, na simu inatafsiri pale tunapokwama. Akaniwekea marobota mbele, nami nikawa nachukua pembe ya kila kitambaa nasugua sikioni.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Kinasema nini?"

"Kinapiga kelele kama wewe asubuhi."

Mafundi wakacheka, naye akacheka, akaniletea kitambaa kizito chenye vinyweleo pande zote mbili, rangi ya majani makavu, na madoa kama magome ya mti. Nikakisugua. Kimya. Kama kusugua sikio la paka. Tukashona suruali na koti lenye kofia. Zipu nilikataa, na ile ya kunatanisha inayolia kraa nilikataa pia. Vifungo tu, na kila kifungo nilikivalisha kitambaa kwa mkono wangu.

Ilipokwisha, laobanniang akaivaa yeye, akatoka nyuma ya kiwanda penye miti michache ya longani. Akaniambia nihesabu mpaka ishirini kisha nimtafute. Nikatafuta. Nikaita. Nikapita pale mara mbili, mara ya tatu shina la mti likanishika bega. Nilipiga yowe mpaka mlinzi wa kiwanda cha jirani akachungulia. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa kiburi kama niliyejifungua mapacha.

Kosa nililifanya nyumbani. Kwetu nguo mpya ya mtoto haitolewi hivi hivi. Niliifua kwa sabuni ya waridi, nikaitandika juu ya tenga, chetezo chini, nikaifukiza udi ule mzuri ninaouweka kwa ajili ya arusi. Ilinukia mpaka kwenye lifti. Nikafunga, nikatuma.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa akanipigia. "Bibi, umenitia udi?"

"Ulitaka uende msituni unanuka kikwapa?"

"Bibi! Kulungu ana pua kuliko mbwa. Jana wametokea wanne, wakasimama mbali kule, wakainua pua, wakapiga miguu chini, wakatimka. Jirani kasema msitu mzima unanukia kama kuna mtu anaolewa."

Aliliacha koti mvuani siku saba, akalisugua kwa majani ya msonobari, ndipo akapata kulungu wake. Tulicheka sana mwaka ule.

Mwaka uliofuata hatukucheka. Ilikuwa ule mwezi wa Guangzhou ambao kuta zinatoka jasho na nguo hazikauki hata uziweke mbele ya feni. Akapiga simu, sauti kali: "Bibi, wanataka kubadilisha sheria za msimu."

Nikamwambia anieleze kama anayemweleza mtu wa darasa la nne. Akanieleza. Kule msimu wa upinde huja kwanza, peke yake, na wenye bunduki wanangoja zamu yao. Sasa kamati ya wanyamapori ya jimbo lile ilikuwa imetoa pendekezo kwamba wiki mbili za mwisho za upinde, wenye bunduki nao waingie. Kulungu wamezidi, wanagongwa na magari, wanamaliza mahindi ya wakulima, na mishale haiwapunguzi vya kutosha. Hata mimi nikaona wakulima wana hoja. Lakini hizo wiki mbili ndizo madume hutembea hovyo wakitafuta majike, na ndizo mjukuu wangu huwa msituni kila siku.

"Kwa hiyo mtakuwa msitu mmoja," nikasema. "Wewe umevaa mti, na mwenzio ana bunduki."

"Pendekezo linasema siku hizo sote tuvae rangi ya chungwa."

"Basi vaa!"

"Nitavaa, Bibi. Kulungu mwenyewe haioni. Kwake ni kama nyasi tu, anayoiona sana ni buluu."

"Sasa mnalalamikia nini?"

"Rangi haizuii risasi. Mshale wangu unaanguka hapa hapa. Risasi inapita kichaka, inapita na kilima. Na wako watu wanapiga kwa kusikia tu majani yametikisika."

Akili ikarudi nyuma ya kiwanda. Nilimwona laobanniang alivyogeuka shina la mti. Mchana kweupe, hatua tano mbele yangu, na nilikuwa namtafuta, nikamkosa. Mjukuu wangu nani angemtafuta? Vile vifungo, kile kitambaa nilichojigamba nacho, vyote vikanigeuka. Nilikuwa nimemfuta mtoto machoni mwa watu kwa mikono yangu hii.

"Usiende," nikamwambia.

"Nisiende nikale nini?"

"Kula kuku."

"Kuku wa nani, Bibi?"

"Kula dengu basi! Wangapi wamekufa kwa dengu?"

Alinikatia simu. Tangu azaliwe hajawahi kunikatia simu.

Siku ya tatu nilikuwa nakwenda sokoni, niko juu ya daraja la waenda kwa miguu. Chini magari, mabasi, pikipiki za umeme, ukungu umetanda, huoni mwisho wa barabara. Na bado macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mfagiaji mmoja, mbali kabisa, kwenye ukingo wa barabara. Alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, kama wafagiaji wote wa hapa. Sokoni sikufika. Niligeuza, nikaenda Xintang.

Laobanniang akanitolea kile kitambaa cha wafagiaji. Nikakisugua, kikalia kama mfuko wa krispi. Nikamuuliza cha vinyweleo, kizito, rangi hiyo hiyo.

"Mei you," akasema. Hakuna.

Nikauliza tena. Mei you. Mara ya tatu nikakaa juu ya robota, nikaitoa simu, nikaiambia kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho: wiki mbili, bunduki, mtoto juu ya mti, nguo yetu. Simu ikamsomea. Sijui ilitafsiri nini, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akatazama kule nyuma kwenye ile miti ya longani, akanishika mkono akaniinua.

Tukaenda kwa mpiga rangi. Mtu yule mikono yake ni ya buluu mpaka kwenye viwiko, maisha yake yote anatia jinzi rangi. "Chungwa?" akauliza, kama tumemtukana mama yake. Kitambaa cha kwanza kikatoka rangi ya kiazi kikuu kilichooza, maana buluu ilikuwa imebaki kwenye pipa. Nikakikataa. Buluu ndiyo kulungu anayoiona, sitaki hata tone. Alinung'unika, akasugua pipa mara mbili kwa brashi, akarudia. Cha pili kilitoka kama kaa la moto. Nikakisugua sikioni. Kimya. Nikamwambia ni fundi, na simwambii hivyo kila mtu.

Nilishona kizibao mwenyewe, mgongo mzima, mabega mazima, na kofia yake. Safari hii sikufua wala sikufukiza. Kisha nikampigia.

"Nimekushonea kizibao."

"Sheria yenyewe bado haijapita, Bibi."

"Ipite isipite, utavaa."

Akasema, "Jumamosi kuna mkutano. Mtu yeyote anaruhusiwa kusema, dakika tatu. Nimejiandikisha. Sijui niseme nini."

"Usiwaambie habari za kulungu, kulungu wana wataalamu wao. Waonyeshe nguo."

Akafanya zaidi ya nilivyomwambia, ndivyo alivyo. Jirani yake alimpiga picha akiwa amekaa mtini na koti langu. Siku ya mkutano akaomba iwekwe kwenye skrini kubwa mbele ya kamati na ukumbi mzima, akasema: "Nimo humo. Nitafuteni." Ananihadithia kwamba wajumbe walivaa miwani. Mzee mmoja wa upande wa bunduki akatoka nyuma mpaka mbele, akaweka kidole kwenye skrini.

"Huyu hapa!"

"Hicho kisiki, mzee wangu."

Akaweka pengine. Tawi. Watu wakacheka, kisha kicheko kikapungua chenyewe. Dakika zilikuwa zinakwisha na hakuna aliyempata. Ndipo akaenda akajionyesha kwa kidole, akasema: "Nguo hii kaishona bibi yangu, Guangzhou. Anajua alivyonificha, na sasa anataka nile dengu." Akashuka. Ati wengine walipiga makofi, na yule mzee alirudi kukaa anatikisa kichwa.

Lakini kamati haikuamua siku ile. Tukangoja. Nilikuwa na mzigo wa kwenda bandarini Nansha, nikaupitisha pindo zimepinda, kosa ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa mgeni wa mji huu. Wakala wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ashughulike na kontena.

Habari ilinikuta asubuhi, nimekaa langoni mwa kiwanda na laobanniang, tunakula viazi vitamu vya mvuke. Simu ikalia.

"Wamekataa, Bibi. Bunduki zitangoja zamu yake."

"Rudia."

"Wamekataa. Hatutachanganywa."

Kiazi sijui kilikwenda wapi. Nilitandaza boksi la katoni pale pale, nikaweka paji la uso chini, na mafundi waliokuwa wanaingia kazini wakanizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Laobanniang alisimama karibu yangu kuwazuia wenye mikokoteni. Nilipoinuka alinipangusa vumbi usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza.

Mjukuu wangu bado alikuwa kwenye simu, analalamika. Ili wenye bunduki nao wapate kitu, msimu wa upinde umekatwa siku tano mwishoni. Na kila anayetembea kwenda au kutoka kwenye mti wake lazima avae rangi ya chungwa, akishakaa juu anaweza kuivua.

"Siku tano zangu, Bibi! Siku tano nzuri kuliko zote!"

Nikamwambia akalie kwa mtu mwingine. Mimi siku hiyo nilikuwa na usingizi wa miezi miwili wa kulala.

Sisemi moyo umetulia wote. Wavunja sheria wako kila msitu, na mti ni mti, mkanda unaweza kukatika. Ila tumekubaliana jambo. Anapanda mchana wa kwao akitoka kazini, giza likiingia anashuka, na huku kwangu ndiyo asubuhi, niko na chai yangu. Akigusa ardhi tu ananiandikia: Nimeshuka. Hilo neno moja nalisoma bila miwani.

Juzi halikuja kwa maandishi. Alipiga simu, anahema.

"Nimeshuka, Bibi. Na nimempata. Dume, mapembe kama matawi."

"Umesema Bismillahi?"

"Kabla ya mshale kutoka."

"Umevaa kizibao?"

"Nimekitundika kwenye tawi juu yangu nikichuna, kila mtu anaona."

"Ini umelitoa?"

"Ninalo hapa."

"Nenda nalo nyumbani sasa hivi. Kitunguu, pilipili manga, moto mkali, ule lingali linatoa mvuke."

"Nioge kwanza, nina damu mpaka kwenye nyusi."

"Utaoga ukishiba," nikamwambia, na nikakaa na simu sikioni mpaka nikasikia mlango wa gari lake unafungwa.