Sauti ya Mama Juu ya Msasa

Mgeni aliniomba kaseti nami nikampa, sikumuuliza anaitakia nini. Mgeni akiomba kitu hahojiwi, ndivyo tulivyolelewa. Wiki nzima nilikuwa nikimbebea spika na nyaya katika nyumba moja ya Mji Mkongwe, naye alikuwa akitafuta sauti za zamani za kutia kwenye muziki wake.

Kaseti ile ilirikodiwa harusini, Michenzani. Mama anaimba na wenzake, kisha anacheka na kusema, "Fungeni mlango, upepo huo!" Hatuna sauti yake nyengine. Alipokufa nilikuwa Kendwa, nikifua mashuka ya hoteli, simu nimeizima. Nilifika udongo wa kaburi umeshakauka.

Dada yangu mkubwa hakunisamehe. Nikamwambia, "Njoo Jumamosi, utamsikia mama kwenye spika kubwa." Akaja na buibui lake la sikukuu.

Tulikaa uani mwa nyumba ile ya Mji Mkongwe, kwenye viti vya plastiki. Mtu mmoja alikuwa akipitisha upinde wa fidla juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Mwengine alitumbukiza kipaza sauti, kimefungwa mfuko wa nailoni, ndani ya beseni la maji.

"Huu ndo muziki," dada akaninong'oneza, "au kaja fundi bomba?"

"Sikiliza tu, Dada."

"Nnasikiliza. Nnasubiri bili ya maji."

Tukacheka mpaka watu wakageuka. Miaka mingapi hatukucheka pamoja, sijui. Na mimi, niliyeacha skuli mapema nikawa nafungua kila redio inayonipitia mkononi, muziki ule niliupenda. Nilitaka kujua kila mlio unatoka wapi.

Kisha mgeni akaweka kaseti yetu kwenye mashine iliyo wazi. Mama akaimba. Dada akanishika mkono, akaukaza.

Mama akacheka. "Fungeni mlango, upepo huo!" Mgeni akarudisha nyuma, akapiga tena. Ndipo nikaona kipande cha msasa, kimebandikwa pale utepe unapopita. Kila mzunguko sauti ilikwaruzika zaidi. Fungeni mlango. Mlango. Ngo. Mimi peke yangu, pengine, ndiye niliyejua kuwa msasa unaukwangua utepe. Ningeweza kusimama. Lakini ua mzima ulikuwa kimya, mgeni kafumba macho, nami nikaona haya. Mwisho akaupitisha utepe mbio, kutoka ncha hadi ncha, mara mbili, tatu, ukabaki mvumo mtupu. Watu wakapiga makofi.

Akaja kunirudishia kaseti kwa mikono miwili. "Asante sana. Sauti nzuri mno."

"Karibu tena," nikamjibu.

Dada alinitazama. "Ulimwambia hatuna nyengine?"

"Sikumwambia."

"Na ya kuwa ni mama?"

Nikampa kaseti. Tulikwenda kwa miguu hadi Michenzani, yeye mbele, mimi nyuma. Nyumbani hakuvua hata buibui. Alishusha redio kabatini, akaifuta vumbi kwa pembe ya mtandio, akatia kaseti. Tukasikiliza mvumo ule hadi kitufe kikaruka.

"Geuza," akasema. "Harusi iliendelea upande wa pili."

Pande zote mbili ni utepe mmoja, hilo nililijua tangu utotoni. Na msasa umeula wote.

Nikageuza.