Kisu Kimoja kwa Kazi Zote

Kila nikiulizwa na vijana kisu gani kinafaa kwa safari ya porini, huwa nachoka kabla sijajibu. Najua kujibu. Nilichagua kisu mara moja tu maishani mwangu, na nilichagua vibaya.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa msaidizi wa mpima ardhi mmoja, naye alikuwa mtu mzima wa Tabora mjini, mswalihina, mkali wa maneno lakini mwepesi wa kusamehe. Yeye alibeba daftari. Mimi nilibeba mnyororo wa kupimia, sufuria, unga, chandarua chake na changu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka kila kitu nilikipima kwa mgongo.

Kisu cha kukunja nilikuwa nacho, kikanifungia kidole, nikakitupa. Nikaenda kwa mhunzi kutafuta kisichokunjika. Akanitandikia vitatu juu ya gunia. Kimoja kilikuwa na mpini wa mpingo, kinang'aa, ila chuma chake kiliishia katikati ya mpini, na mhunzi mwenyewe alikiri kwamba kingevunjikia hapo. Cha pili kilikuwa kinene mgongoni, kimefuliwa kwa springi ya lori, chuma kikipita mpini mzima. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha kuchinjia.

"Chukua hiki kinene na hiki chembamba, mwanangu," alisema. "Cha kuchongea mti usikipeleke shingoni."

"Mzee wangu, mzigo utaniua. Kinene kitatosha kwa yote."

"Basi beba japo kinoo."

Nikacheka. Nikamwambia mawe yako tele njiani. Ujinga mtupu, maana huko tulikokwenda ni mchanga na miti tu.

Tuliteremka stesheni ya Goweko, tukatembea siku mbili kwa muhogo wa kuchoma. Tulipofika nikachonga vigingi kutwa, siku tatu mfululizo, vya mti mgumu kama mfupa. Kisu hakikulegea wala kupinda, na kwa hilo nakisifu hadi leo. Lakini makali yaliisha, na cha kunolea hakikuwapo.

Siku ya nne, alasiri, mjane mmoja tuliyempimia kiwanja alituletea kuku. Nyumba yake ilikuwa haijaezekwa. Kuku wake wengine walikufa kwenye lori siku alipohamishwa, akabaki na huyo tetea. Yeye alikuwa Mkristo, na kama ilivyo desturi ya kwetu, hakumchinja. Alinikabidhi akiwa hai.

"Chinja mwenyewe, baba, mle bila wasiwasi."

"Ahsante, mama. Umetufaa sana."

Mpima ardhi alikuwa akitawadha nyuma ya nyumba. Nikamwelekeza kuku kibla, nikasema Bismillahi, nikapitisha kisu. Manyoya yakajikunja, ngozi haikukatika. Nikarudia. Mara ya tatu nikakandamiza kwa nguvu zangu zote, na kuku akalegea mkononi mwangu kabla damu haijatoka. Nilijua nilichokishika. Kilikuwa kibudu. Nikaendelea kukereza shingo mpaka ikaonekana imechinjwa, kisha nikampa mama akapike.

Mpima ardhi akaja akikung'uta maji mikononi.

"Umemchinja sawasawa?"

"Sawasawa, mzee."

Nilikuwa nimechoka, na huo ndio ukweli wote. Nilichoka kiasi kwamba uongo ulikuwa mwepesi kuliko kumwambia mama yule kuku wake wa mwisho ameharibika mikononi mwangu, na kumwambia mzee arudi kwenye muhogo. Nilijiambia dhambi ni yangu peke yangu. Nikaona haya, lakini harufu ya mchuzi ilipotoka nikaona njaa zaidi.

Tukala. Mzee alikula taratibu, akivunja mifupa, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tutoke mjini. Alipomaliza akanyanyua mikono. Alimwombea mama yule nyumba yenye paa na kuku wasiohesabika. Kisha akanigeukia, akamwomba Mwenyezi Mungu aubariki mkono wa kijana wake, uliomlisha halali mahali ambapo angeweza kulala na njaa. Akangoja.

Nikaitika amina, midomo yangu ikiwa bado na mafuta.