Ugali Kwenye Pakiti ya Mbegu

Genoveva ni meneja wa bidhaa wa kampuni ya mbegu hapa Biharamulo, na zamani alikuwa abiria wangu wa kila siku. Nilimpeleka minadani na mashambani, akakaa chini na akina mama, akawauliza: hii mmeionaje? Ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku hizi imehamia kwenye kompyuta. Anatuma picha ya pakiti mpya, watu wa mjini wanabonyeza simu kwamba wameipenda, imepita. Mimi Maduhu nikabaki kuosha pikipiki.

Juzi akanipigia. "Maduhu, njoo! Upesi, kaka yangu!"

Hatibu, mwenye duka kule Runazi, alikuwa amempa habari mbaya. Bibi mmoja wa Nyabusozi, Yuster, alinunua pakiti ya mahindi ya mbegu, na, kama Hatibu alivyokuja kusikia baadaye, kutoka tu mlangoni akaanza kuulizia maharage ya kupikia kande. Mahindi yale yametiwa dawa ya wadudu. Ni sumu! Na bibi anaishi na wajukuu.

Jamani, niliogopa. Pikipiki ilikuwa inaruka mashimo, naye nyuma amening'ang'ania mbavu, anasali, "Mama Maria, wasile, wasile." Kwenye mchanga tuliyumba, nikapunguza mwendo. Alinifokea hadi nikaona aibu.

Tukakuta sufuria inachemka uani, maji mekundu kwa rangi ya ile dawa, na wajukuu wamekaa ukutani na sahani zao. Genoveva hata kuamkia hakuamkia. Akaipiga sufuria teke.

"We mwana! Umemwaga chakula cha wajukuu wangu!"

"Bibi, wameonja? Kuna aliyeonja?"

"Waonje nini, na hakijaiva?"

Genoveva akakaa pale pale kwenye tope jekundu, analia. "Shikamoo, bibi. Nisamehe. Hii ni mbegu ya kupanda. Ina sumu. Tumeandika hapo nyuma."

"Marahaba. Kusoma sijui." Yuster akaiokota pakiti, akaigeuza upande wa mbele, penye picha ya sahani ya ugali unaofuka moshi. "Nimeona hiki. Aliyekiweka hapa alitaka nifanye nini?"

Genoveva aliutazama ule ugali wake, kisha akampigia Hatibu kuuliza nani mwingine amenunua. Hatibu hakuwajua kwa majina.

"Washa pikipiki, Maduhu," akaniambia. "Tuanze na nyumba ile."