Mitambo ya Delmar Claar

Galen Ickes alipiga simu Jumanne asubuhi, Lavonne akiwa na tupa mkononi, na alichosema kilimharibia siku nzima. Maonyesho ya bunduki za gumegume, yale ya kila Machi katika ukumbi wa zimamoto, yalikuwa yamekosa mtu wa kufundisha. Kamati ilikuwa imekaa na kukubaliana kwamba Delmar Claar aje akae mbele ya watu, awaonyeshe anavyoubadili sura mtambo wa dukani mpaka uwe mtambo wa Bedford, wa mtindo wa bonde letu.

"Mwambie mumeo asinikatalie safari hii," Galen alisema. "Kuna watu wanatoka Ohio, bibi wee, wanakuja kuuona mkono wake tu."

"Nitamwambia," Lavonne akajibu.

Mkono wenyewe ulikuwa umelala juu ya paja la Delmar pale kando ya jiko la kuni, hatua tatu kutoka aliposimama mkewe. Ulikuwa haujashika kitu tangu kiharusi kimpige, miaka sita iliyopita. Bonde zima lilijua kwamba aliugua. Bonde zima lilijua pia kwamba alipona, maana bunduki zake ziliendelea kutoka, tena nzuri kuliko za mwanzo. Akiulizwa kwa nini mkono wa kulia haumtoki mfukoni, alisema ni bega. Wanaume wa kwetu ukiwaambia ni bega wanaridhika, kwa sababu kila mmoja ana lake linalomsumbua.

Aliyekuwa akizitengeneza ni Lavonne. Alikuwa ameshona kola katika kiwanda cha mashati kwa miaka kumi na tisa, na kilipofungwa akahamia karakana ya mumewe nyuma ya nyumba, kusugua vyuma, kupaka mitutu dawa ya kuitia rangi ya kutu na kupanga skrubu. Hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo. Alitazama tu, na macho yake hayakuwa ya mchezo. Delmar alipoanguka, mezani palikuwa na bunduki moja iliyobakiza mtambo tu, na aliyeiagiza alikuwa ameahidiwa kuipata kabla ya msimu wa kuwinda kulungu.

"Hii moja tu," Delmar alimwambia akiwa kitandani, ulimi bado mzito. "Halafu basi."

Hiyo moja tu ilikuwa imefika thelathini na moja.

Mtambo ni kile kipande cha ubavuni mwa bunduki kinachotoa cheche. Nyundo inauma jiwe la gumegume, jiwe linakwaruza kibao cha chuma, cheche zinaangukia kwenye kifa, kile kisahani chenye baruti, na kulungu akiwa na bahati mbaya hadithi yake inaishia hapo. Siku hizi mafundi wote hununua mtambo ule ule wa dukani, unaokuja ndani ya mfuko wa nailoni. Unafanya kazi vizuri, lakini nyundo yake ni nene na shingo yake fupi, kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Mtu wa Bedford haoni raha kubeba kitu hicho. Wazee wa bonde letu walipenda nyundo nyembamba, ndefu, yenye shingo iliyorudi nyuma kwa madaha. Kwa hiyo Lavonne aliitoa nyundo ya dukani, akachukua nyingine mbichi iliyotoka kusubuliwa tu, akaichonga kwa tupa siku mbili tatu. Kibao cha cheche alikibadili pia, na springi yake, na bamba linaloshika vyote hivyo akalipunguza mkia mpaka likawa na ncha. Hakusukuma tupa kama wanavyofanya wanaume. Alikigeuza chuma kuifuata tupa, kama mtu anayemenya tufaha bila kukata ganda.

Pa kuogopa ni tundu la katikati ya nyundo. Ni la pembe nne, huchongwa kwa mkono, na likipinda kidogo tu nyundo inakaa upande kama mlevi, na hairudishiki. Katika mitambo thelathini na moja Lavonne alikuwa hajaharibu hata tundu moja.

"Nani huyo?" Delmar aliuliza.

"Galen. Wanakutaka ukafundishe Machi."

"Mwambie bega."

"Bega tumeshalitumia mara tatu, Del."

Delmar akalitazama jiko. "Basi nitakwenda."

"Utakwenda kufanya nini? Kuwaimbia?"

"Nitashika kidogo kwa kushoto, nizungumze sana. Galen mwenyewe akipewa nafasi ya kusema, saa nzima itakwisha."

"Au tuwaambie kweli, yaishe."

Alilisema polepole, lakini alikuwa amelibeba miaka sita na lilikuwa limemchosha. Alitaka mtu mmoja tu, awe yeyote, aishike nyundo yake na kuitaja kwa jina lake yeye. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Ukiwaambia, Mama, mimi nitabaki nani?" Delmar alisema. Alimwita Mama tangu binti yao azaliwe, kama wafanyavyo wanaume wengi wa huku. "Mzee wa kukaa kando ya jiko kungoja supu?"

Na mimi je, sasa hivi ni nani? Swali lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Alimwonea huruma, na hapohapo alimkasirikia, kisha akaona aibu kumkasirikia mgonjwa. Ndivyo alivyoishi. Kila mlango aliojaribu kuufungua alimkuta Delmar amekaa upande wa pili, naye asingeweza kuusukuma bila kumwangusha. Akamuuliza kama anataka kahawa.

Wiki zilizofuata Delmar alijifungia karakanani asubuhi kwa asubuhi, akijaribu tupa kwa mkono wa kushoto. Lavonne alikuwa jikoni, akisikia chuma kikilia ovyo na matusi yakifuata. Siku moja alisikia kimya kirefu. Alipochungulia dirishani alimwona mumewe analia, akarudi nyuma upesi asije akaonekana ameona.

Jumamosi ya maonyesho ukumbi ulijaa mapema. Wanaume walijipanga kwenye viti vya kukunja, kofia magotini, na wanawake walikuwa jikoni kama kawaida, wakipika kuku na vipande vya unga na kutoa mitungi ya mayai yaliyolowekwa kwenye maji mekundu ya bitiruti. Hakuna aliyemuuliza Lavonne angekaa wapi. Alipewa aproni mlangoni. Kupitia dirisha la kupitishia sahani aliiona meza ya mbele, jiliwa ya kubania chuma imefungwa ukingoni, na Delmar nyuma yake, uso umemwiva.

Galen alisimama kwanza. Ndiye mwamuzi wetu wa mambo haya, mtu mwema, na hajawahi kukosa jibu maishani mwake. Aliinua bunduki ya mwaka jana.

"Tazameni shingo ya nyundo hii," alisema. "Hamwoni ilipoanzia wala ilipoishia. Sasa nitasema jambo, Delmar anisamehe. Kabla hajaugua alikuwa fundi mzuri, lakini mkavu."

"Mkavu babako," Delmar akasema, na watu wakacheka.

"Mkavu! Lakini baada ya kuugua mkono ukalegea, ukaanza kucheza. Mimi ningekuwa daktari ningesema ule ugonjwa ulimfungua."

Jikoni Twila Koontz, aliyekuwa akikata mikate, alimpiga Lavonne kumbo. "Unasikia anavyosifiwa mumeo? Na wewe unakunja uso!"

"Moshi," Lavonne alisema, akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Delmar alifunga nyundo mbichi kwenye jiliwa. Alizungumza kweli, tena vizuri, habari za wazee wa bonde na chuma chao, na kwa dakika kumi mambo yalikwenda. Kisha mtu wa Ohio akasema kwa adabu kwamba wangependa kuona tupa ikifanya kazi. Delmar akaishika kwa kushoto. Mara ya kwanza ilipita. Mara ya pili iliteleza, ikachana mfereji kwenye shingo ya nyundo, na mlio wake ukafika mpaka jikoni.

"Bega," Delmar alisema.

"Pole pole, mzee, hatuna haraka," Galen akamwambia.

Akajaribu tena, akachana mfereji mwingine. Watu walianza kutazama kofia zao. Delmar aliinua macho kuelekea dirisha la jikoni, na Lavonne aliyajua macho hayo, aliyaona hospitalini.

Aliweka mwiko chini, akatoka na aproni yake kiunoni, akapita katikati ya viti. "Sogea kidogo, Del."

Delmar alisogea. Lavonne aligeuza jiliwa, akachagua tupa ndogo, akaanza kuishusha shingo yote mpaka ile mifereji ifutike, akiizungusha nyundo taratibu kidogo kidogo. Mwanzoni palikuwa na minong'ono. Baadaye wa nyuma walisimama ili waone. Alichonga lile tundu la pembe nne bila kupima, akipuliza vumbi la chuma kila mara, na mtu wa Ohio alikuwa ameinama karibu mpaka pumzi zake zilimpiga mkononi. Aliifunga nyundo kwenye mtambo, akatia jiwe, akaivuta nyuma, akaiachia. Cheche zikamwagika ndani ya kifa.

Wakapiga makofi kwa nguvu. Lavonne alingoja yaishe, maana alijua asiposema sasa hatasema tena.

"Ni mimi ninayezitengeneza," alisema. "Zote za miaka sita hii. Delmar hajagusa tupa tangu augue."

Galen akaangua kicheko, na wote wakamfuata, kicheko cha upendo kabisa, cha watu waliofurahishwa.

"Wanawake bwana!" mmoja akapaza sauti. "Wangu naye atasema ndiye aliyempiga yule kulungu wangu!"

Lavonne alimgeukia Delmar. Neno moja lilitosha, "kweli", hata likisemwa kwa kunong'ona. Delmar alikuwa ametazama sakafu. Kisha alicheka pia, akichelewa.

"Nilimfundisha mwenyewe," alisema. "Ana mkono mwepesi."

Lavonne hakuwa na pa kwenda. Mbele yake watu waliosimama, nyuma yake ukuta na bendera ya zimamoto.

"Haya, mama," Galen alisema akijifuta machozi ya kicheko, na kumsogezea mtambo pamoja na patasi ndogo ya kuchorea. "Kama ni zako, weka jina lako. Hapo kwenye bamba, mbele ya mashahidi. Tulione leo!"

"Aweke! Aweke!" watu wakashangilia.

Alikuwa anatania, lakini patasi ilikuwa ya kweli na bamba lilikuwa laini. Lavonne aliichukua. Alifunga bamba vizuri, akainama. Sasa, aliwaza, sasa. Ncha ikauma chuma. Ilishuka, ikazunguka kulia na tumbo pana, ikarudi juu, ikamalizia kwa mkia mwembamba uliojikunja mara mbili. Ilichukua muda mfupi tu, kwa sababu mkono haukusita popote.

Ilikuwa D. Bunduki zote ziliandikwa D. Claar, na mbele ya Claar hakuwa amewahi kuchora herufi nyingine juu ya chuma. Majira yote ya baridi ya mwaka ule wa kwanza alikuwa ameifanyia mazoezi, mpaka isitofautiane na ya mumewe, na sasa ilikuwa imetoka yenyewe.

Galen aliinama aitazame, bado anatabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Alikuwa na D kama ile nyumbani, yenye mkia ule ule uliojikunja mara mbili, juu ya bunduki aliyozawadiwa na watoto wake alipostaafu mwaka juzi. Alimtazama Lavonne, akamtazama Delmar, akavua miwani.

"Delmar," alisema taratibu. "Anasema kweli huyu?"

Delmar aliinamisha kichwa, na safari hii hakuna aliyecheka. Wanaume walisimama na kofia zao, kila mmoja labda akiikumbuka bunduki iliyotundikwa ukutani kwake.

"Endelea basi, Lavonne," Galen akasema. "Andika lako."

Lavonne alimsikia. Ncha ya patasi ilikuwa bado imegusa chuma, naye alikuwa ameikodolea macho ile D, akijaribu kukumbuka kama L huanzia juu au chini.