Mkono Uliochuma Hina

Enzi zetu kule Tiwi, hina haikutoka dukani. Ilitoka uani kwa wawe, ndivyo sisi Wadigo tunavyomwita nyanya, kwenye mhina uliosimama karibu na kisima, kijani masika na kiangazi. Aliupanda kwa kijiti alichokatiwa na mamake, na mvua zikikaribia aliupogoa ili utoe majani machanga. Tulipocheza kombolela tulijificha nyuma yake, na miiba ya matawi makuukuu ikatuchana migongo. Mwenye magaga alipakwa hina visiginoni. Mwenye kuumwa kichwa alibandikwa majani yaliyopondwa kwenye paji la uso, akalazwa, akaambiwa anyamaze. Watoto wa leo wakiumwa kichwa huuliza kwanza kama simu ina chaji.

Lakini majani ya hina ya biharusi hayakuchumwa na mkono wowote tu. Alitakiwa mwanamke aliyetulia na mumewe, asiyepata kuachwa, ili nyota yake imwangukie mwari. Na wawe alikuwa ameachwa mara mbili. Basi mtaa mzima uliolewa kwa mhina wake, na yeye siku ya kuchuma alikaa jikoni akikuna nazi, mgongo kaupa mlango. Wanawake walikuja na ungo, wakamwamkia kwa adabu zote, wakachuma, wakaondoka na vigelegele vyao. Tulipomuuliza mbona hatoki, alijibu, "Mti ni wangu, wanangu. Mkono ndio wasioutaka." Nilidhani ni kitendawili. Nilipokua nikakielewa, kikaniuma sana.

Ikafika zamu ya dada yangu Mwanaidi. Shangazi alikuja na ungo wake asubuhi, maana yeye ndiye aliyechaguliwa kuchuma. Mwanaidi akamsimamisha uani.

"Shangazi, uniwie radhi. Hina yangu na aichume wawe."

"Mwanangu, usijitafutie nuksi siku kama hii."

"Basi nitakwenda kwa mume mikono mitupu."

Biharusi bila hina ilikuwa aibu ya ukoo mzima, na Mwanaidi hakuwa mtu wa kutishia bure. Shangazi akaenda mpaka mlango wa jikoni, akauweka ungo miguuni pa wawe.

Wawe alinawa mikono iliyojaa tui, akasema "Bismillahi," akatoka. Alichuma polepole, jani kwa jani. Akayaanika kivulini, yalipokauka akayatwanga, akauchunga unga kwa kitambaa, akaukanda kwa ndimu na chai ya rangi. Hina haimchagui mtu. Ilimshika hata yeye aliyeikanda. Ile ndiyo mara pekee niliyoviona viganja vya wawe vyekundu, na siku ya harusi alikula pilau kwa mkono wazi mbele ya watu wote.

Mwanaidi na mumewe wangali pamoja. Kugombana wanagombana, kama watu wote.

Wawe ametangulia mbele ya haki. Kijiti cha mhina wake nilikipanda kwangu, nami pia niliachwa, miaka mingi sasa. Juzi, binti wa Mwanaidi alipokuwa anaolewa, niliutoa ungo mapema, nikachuma. Mtoto akaja na rangi nyeusi ya kununua Ukunda, imo ndani ya kidude kama dawa ya meno.

"Shikamoo, mama mdogo. Usijisumbue, hii yakauka upesi."

Hakusema kwa ubaya. Siku hizi hakuna anayeuliza mkono uliochuma umeachwa mara ngapi, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana nilimwona wawe alivyokaa na kibao chake cha mbuzi. Ila nilitaka kuombwa. Zamani tulikatazwa, na leo hatuhitajiwi, na sijui lipi linauma zaidi.

Nilirudi uani, nikayaponda majani yale mabichi, nikajipaka mwenyewe. Harusini nilikwenda na viganja vyekundu.